Majina ya Kaseti za Baba

Kazi yangu ni kupanga majina ya nyimbo. Watu wakiniuliza kwenye sherehe nikawajibu hivyo, husubiri niendelee, maana kwao hiyo haiwezi kuwa ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo yenyewe. Kuna kampuni upande wa Downsview, hapa Toronto, katikati ya maghala ya matairi na vigae, inayopeleka muziki kwenye maduka na migahawa, na muziki wote huo umo ndani ya hazina moja kubwa ya kompyuta. Nyimbo huingia humo kutoka kila pembe ya dunia zikiwa na majina ovyo ovyo. Huu umeandikwa kwa herufi kubwa tupu, ule kwa ndogo tupu, mwingine una jina la bendi ndani ya jina la wimbo, mwingine alama za mshangao zimepangana mwishoni bila sababu yoyote. Mimi huzinyoosha. Herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno lenye uzito, ndogo kwa vile vijineno vya kuunganisha, sehemu ya kwanza na ya pili kwenye mabano, albamu kwenye kisanduku chake, mwimbaji kwenye chake.

Sitajifanya mnyenyekevu: naifanya vizuri, na imeniharibia maisha. Siwezi kusoma menyu ya mgahawa bila kukereka. Tangazo likibandikwa ukumbini, wenzangu wanasoma tarehe, mimi nasoma herufi. Kuna dada mmoja nilimrudishia kadi ya harusi ya mwanawe nikiwa nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sijaalikwa tena kwenye harusi za nyumba ile.

Kwa hiyo Baba alipokuja kuishi nami Crescent Town, akatoka Tanga na masanduku mawili, moja la nguo na moja la kaseti, unaweza kukisia nililifungua lipi kwanza.

Baba alikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti, mitaa ya Ngamiani. Wa umri wangu mnavikumbuka vibanda hivyo. Unapeleka kaseti tupu, unachagua nyimbo, unaambiwa uifuate kesho. Tatizo ni kwamba watu wengi hawakujua jina la wimbo wanaoutaka. Waliusikia redioni, au kwa jirani, au kwenye harusi, ukawaganda. Basi walikuja mezani kwa Baba wakauimba. Nacho kibanda kilikuwa ukuta mmoja na mashine ya kusaga nafaka, iliyounguruma tangu asubuhi mpaka alasiri, unga ukipenya kwenye nyufa na kutua juu ya santuri. Hakuna aliyemsikia mwenzake mle ndani. Baba alikuwa anainama mbele, anamkazia macho mteja, halafu anapaza sauti: "Fungua mdomo! Imba maneno!"

Nilikuwa mtoto, nakaa chini ya meza nikichezea mikanda iliyokatika, na nilikuwa naona aibu kubwa kwamba baba yangu anawafokea watu. Lakini sikuona aliyechukia. Walifungua mdomo, wakaimba, na Baba akageukia rafu akachomoa santuri.

Kila kaseti aliyomrekodia mtu alijiwekea nakala. Juu ya jalada hakuandika jina la mteja hata siku moja. Aliandika kitu alichobeba, au mahali anapoketi, au kisa chake: Mama Maandazi, Fundi wa Ngazi, Bwana Harusi wa Pili, Aliyerudi Pemba. Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza sababu, akaniambia nyimbo anazozipenda mtu ni siri yake, sawa na dawa anazokunywa. Mke wa fulani akitaka kaseti nzima ya nyimbo za kulia, mtaa hauna haja ya kujua.

Mwenye Mwavuli alikuwa mama yangu. Hilo nyumbani lilijulikana na lilichekewa. Alikuwa msichana anayepita na mwavuli hata siku isiyo na wingu, akaja kuomba wimbo mmoja, na wimbo huo, katika nyimbo zote zilizowahi kuombwa pale mezani, ndio uliomshinda Baba kuupata. Akarudi kuuulizia. Akarudi tena. Mwisho wake nikazaliwa mimi. Mama alifariki kabla Baba hajaja huku, na kaseti yake, yenye jalada la kijani, haikusafiri kwenye sanduku. Ilisafiri kwenye mfuko wa koti.

Hapakupita muda mrefu nikaona Baba anaongeza sauti ya televisheni, kisha anaacha kujibu nikimwita akiwa amenipa mgongo. Nikampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alituonyesha mchoro wenye mstari ulioanza juu, ukaenda sawa kidogo, kisha ukateremka kama barabara ya kushuka kutoka Lushoto. Sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza, alieleza, nzito hubaki mpaka mwisho, na kwa Baba kuondoka huko kulikuwa kunakwenda mbio. Alidhani ni kelele za kazini. Akauliza mzee alikuwa anafanya kazi gani.

"Muziki," Baba akajibu.

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, na mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia siyo muziki, ni mashine ya unga ya jirani. Sikutaka muziki usingiziwe.

Alipewa vifaa vya kuvaa masikioni. Vilimsaidia kidogo kwa maneno, lakini muziki uliopita ndani yake ulitoka kama bati linaloburutwa, hivyo akawa anavivaa siku za kwenda kwa daktari tu. Tukiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani, pale inapotoka chini ya ardhi na mwanga kuingia ghafla, ndipo aliponiambia anachokitaka.

"Wale watu bado wapo," alisema. "Wengine wako Muscat, wengine Leicester, wengine hapo Richmond Hill tu. Siku moja watazitafuta nyimbo zao. Watazitafutaje kama hazina majina?"

Nilimwelewa. Juu ya kaseti palikuwa na lakabu ya mteja na basi. Majina ya nyimbo yalikaa kichwani mwake, nayo yalitoka pale tu aliposikia wimbo unaanza. Ukimwambia akutajie yaliyomo kwenye kaseti ya Fundi wa Ngazi, anakutazama tu. Ukiipiga, anataja kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Masikio yakifunga, majina yatafungiwa ndani. Hilo ndilo lililomtisha. Uziwi wenyewe aliusema kwa upole, mtu anavyosema kesho itanyesha.

Tukapanga. Tutaanza na taarabu, zenye fidla na sauti za akina mama, kwa sababu hizo ndizo zinazomkimbia. Tutamalizia na dansi, zenye gita la besi na tumba, kwa sababu hizo zitamsubiri. Nilinunua deki ya kaseti kwenye duka la mitumba, nikaiunganisha na kompyuta, nikaiweka juu ya kaunta inayotenga jiko na sebule. Baba akaketi upande wa sebule, mimi nikasimama upande wa jiko. Kaseti ya kwanza niliyoichukua ilikuwa ile ya kijani, kwa kuwa ilikuwa taarabu tupu. Akaitoa mkononi mwangu taratibu akaiweka kwenye dirisha.

"Hii baadaye," akasema.

Kuna mchana wa majira ya baridi hapa ambao huwezi kusema ni asubuhi au ni jioni. Mwanga hautoki juani, unatoka kwenye theluji, unapanda mpaka ghorofani kwetu na kuingia kwa chini, dari ikawa nyeupe kuliko sakafu. Katika mwanga huo ndimo tulimofanya kazi. Naweka kaseti, nabonyeza, unatangulia ule mvumo wa mkanda, shwaa, na kabla wimbo haujaingia nilikuwa nimekwisha kuondoka. Treni zilipita chini bila sauti. Theluji ilianguka taratibu, ikapaa, ikaanguka tena, na udi ukipigwa ilionekana inashuka kwa kufuata udi. Mara nyingine nilifumbua macho nikakuta wimbo umekwisha, sijui kama nilisinzia au nilikuwa mahali pengine.

"Hodi ya Adhuhuri," Baba anasema. "Sehemu ya pili."

"Ya kwanza iko wapi?"

"Hakuitaka. Watu walitaka ya pili, pale panapochangamka."

Nami naandika. Hodi ya Adhuhuri, mabano, Sehemu ya 2. Herufi kubwa, herufi ndogo, herufi kubwa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Kwenye nyimbo za kampuni nanyoosha majina ya watu nisiowajua. Hapa kila jina nililolinyoosha lilikuwa na harufu ya unga.

Tuligombana kwenye kisanduku cha albamu. Hazina yangu haikubali wimbo usio na albamu. Ukiacha patupu, inagoma. Kwa mazoea yangu ya kazini nikajaza "Haijulikani", nikainakili kutoka juu mpaka chini, nikaona nimemaliza. Baba akavaa miwani akaja kutazama.

"Haijulikani na nani?" akauliza.

"Baba, hizi si albamu. Ni nyimbo mchanganyiko. Ndiyo format ya kazini, album ikikosekana tunaweka hivyo."

"Format gani? Mama Maandazi alichagua nyimbo zake moja moja, amesimama, na karai kichwani. Akasema huu utangulie, ule ufuate. Wewe unaandika haijulikani."

Nilinuna. Mimi nikikosolewa kwenye kazi yangu hununa, na nilinuna mpaka chai ikapoa. Halafu nikafuta yote. Tukakubaliana kanuni, na kanuni hiyo sijawahi kuivunja: albamu itaitwa Kaseti ya, kisha lakabu ya mteja kwa herufi kubwa. Kaseti ya Mama Maandazi. Kaseti ya Bwana Harusi wa Pili. Kaseti ya Aliyerudi Pemba. Zilipopangana kwenye kioo, zote zimenyooka, niliona watu wamesimama kwenye foleni mbele ya kibanda, kila mmoja na wimbo wake mdomoni.

Kanuni ya pili ilitokana na mashine. Kaseti za zamani zaidi Baba alizirekodi kwa kuweka kinasa sauti mbele ya spika, na kinasa kilinasa kila kitu. Siku moja tuliweka kaseti ya Fundi wa Ngazi, na chini ya wimbo, chini kabisa, nikasikia mngurumo. Nilidhani ni gari la kuzoa theluji. Nikaenda dirishani, barabara ilikuwa tupu. Nikarudi, nikainamisha sikio, na nikaisikia mashine ya kusaga ya Ngamiani inasaga mahindi ya watu ambao wengi wao sasa ni marehemu, humu humu ndani, ghorofani, na theluji inaanguka. Sauti ya mtoto ikakohoa. Sijui ni mimi au ni mwingine.

"Mashine inasikika?" Baba akauliza, maana aliuona uso wangu.

"Inasikika."

"Basi iandike. Si mnaandika mkirekodi ukumbini, watu wanapiga makofi?"

Ni kweli tunaandika. Kwa hiyo kila wimbo wenye mngurumo ule nimeuongezea mabano mwishoni: (na Mashine). Nina hakika ni hazina yangu pekee duniani yenye alama hiyo, na imeandikwa sawasawa kila mahali.

Tulimaliza taarabu zote isipokuwa ile ya dirishani. Kila nilipoiulizia alisema baadaye. Tukaingia kwenye dansi, na nikaanza kuona kwamba anachelewa kidogo kutaja. Anasubiri besi iingie. Anainamisha kichwa.

Jirani yetu wa mlango wa pembeni ni mama wa Kenya anayefanya kazi ya kuuguza wazee. Jumamosi moja alibisha, bado na koti lake, mfuko wa mboga mkononi.

"Pole kuwadisturb," akasema. "Shikamoo, mzee. Nimeskia hizo magitaa kwa corridor nikashindwa kupita. Kuna song moja mamangu alikuwa anaipenda tukiwa wadogo. Jina sijui, na maneno pia nimesahau, I swear. Inaenda tu hivi."

Akafumba macho, akafunga midomo, akavuma: mm-mm, mmm, mm-mm.

Sijawahi kumwona Baba akisimama haraka hivyo tangu aje. Aliweka kofia yake sawa. Akaegemea kaunta kwa mikono miwili, akainama mbele, akamkazia macho yule mama. Mteja amekuja! Nilimtazama nikasikia moyo unanijaa. Akamtazama kwa muda mrefu, mama wa watu anavuma tu na macho yake yamefumba, kisha akageuka, akachomoa kaseti bila kusita, akaiweka, akabonyeza.

Haukuwa wimbo ule. Haukukaribia. Jirani alivuma wimbo wa polepole, wa huzuni, na Baba aliweka wimbo wa kuchezesha mabega.

Jirani alifumbua macho. Nilimwona akielewa, kwa sababu ndiyo kazi yake kuelewa wazee. "Ndiyo hiyo!" akasema kwa sauti kubwa, akapiga makofi. "Haki, ndiyo hiyo kabisa. Asante sana, mzee." Akasimama pale mpaka wimbo ukaisha, akigonga vidole kwenye mfuko wa mboga.

Lakini Baba hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wangu haujui kuficha.

Mlango ulipofungwa akasema, "Siyo wenyewe."

"Siyo wenyewe, Baba."

"Amenionea huruma." Akaitoa kaseti, akairudisha kwenye jalada lake, akalibana kwa kidole gumba mpaka likalia. "Funga kompyuta. Zilizobaki andika haijulikani."

Neno lile lile. Ningependelea anipige kofi.

Baada ya hapo alikaa sebuleni na televisheni isiyo na sauti. Mpira, taarifa ya habari, watu wanaopika, yote kimya. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamletea vifaa vyake vya masikio kwenye sahani ya chai kama vile visheti. Hakucheka. Siku moja nikashindwa kujizuia. Nikaichukua kaseti ya kijani dirishani, nikaitikisa mbele yake, nikapaza sauti, na sikuwa napaza ili asikie, nilikuwa nimekasirika.

"Ungeanza na hii! Nilikwambia! Hii ndiyo yenye sauti nyembamba! Nani sasa atatuambia nyimbo za Mama zinaitwaje?"

Akaisoma hasira yote. Kisha akasema, "Nilikuwa naiweka akiba."

Na mimi nikakumbuka nilivyokuwa mtoto, nilivyoisukuma nyama pembeni mwa sahani, nikala wali kwanza, ili nimalizie na utamu. Alinifundisha yeye. Nikaenda chumbani nikalia, nikitazama theluji, ambayo siku hiyo haikufuata wimbo wowote.

Siku zikapita. Theluji ilianza kuyeyuka, maji yakawa yanadondoka kutoka kibaraza cha juu. Nilikuwa jikoni mchana mmoja nikichagua mchele, Baba ameketi upande wake wa kaunta akimenya viazi, kazi ambayo nilikuwa nimempa ili asikae mbele ya televisheni. Deki ilikuwa bado pale. Niliiweka kaseti ya Mama. Sikuwa na nia yoyote ya kuandika. Niliiweka kwa ajili yangu mwenyewe, kwa kuwa nilidhani kwake yeye ni kimya tu na haitamuumiza.

Shwaa. Halafu fidla, nyembamba, ikiingia kutoka mbali. Nilizijua nyimbo zile zote. Mama alikuwa anaziimba akipika, akifua, akinisuka na kunivuta nywele, ila hakuwahi kutaja jina la hata mmoja. Kwetu ulikuwa tu wimbo wa kufua, wimbo wa kusuka. Nikachukuliwa. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa manjano kidogo, wa kwanza tangu baridi ianze, maji yanadondoka, mchele unapita vidoleni mwangu, na nilikuwa naimba bila kujijua, nimesimama nimemwelekea Baba, na sikuwa Toronto, wala sikuwa Tanga pia.

"Pazia la Dirisha la Pili," Baba akasema.

Nilidhani nimeota. Nikaacha kuimba. Alikuwa ameshika kiazi na kisu, hamenyi, ameinama mbele, macho yake mdomoni mwangu.

"Unasikia?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Hata kidogo."

Ndipo nikaielewa mashine. Miaka yote ile pale mezani, na mngurumo ule ukutani, hakumsikia mteja hata mmoja. Aliwatazama wakiimba. Yule jirani alivuma na midomo imefungwa, Baba asingeuona wimbo hata kama angekuwa na umri wa miaka ishirini. Mashine ilikula masikio yake, lakini kabla ya hapo ilimfundisha kazi.

Wimbo wa pili ukaanza. Nikaona haya ghafla, mtu mzima mimi, nikaimba kwa ncha ya midomo.

"Fungua mdomo!" Baba akafoka. "Imba maneno!"

Nikaufungua. Niliimba na mchele mkononi, nikaimba mpaka nadhani waliokuwa kwenye lifti walinisikia. Baba akataja. Nikapangusa mikono, nikawasha kompyuta, nikaandika kwa kidole kimoja huku naimba, maana nikinyamaza anapotea. Nani Kakuambia Nalia. Chumvi ya Jana, Sehemu ya 1. Chumvi ya Jana, Sehemu ya 2, kwa kuwa Mama, tofauti na wengine, alizitaka zote mbili. Wimbo wa kufua ukapata jina. Wimbo wa kusuka ukapata jina. Kaseti ikafika upande wa pili, viazi vikaanza kuwa vyeusi kwenye sahani, hakuna aliyejali.

Wimbo wa mwisho kabisa ulikuwa na mngurumo chini yake.

"Nimekuja kwa Miguu," Baba akasema. Akaangalia uso wangu. "Mashine inasikika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Andika. Huu ndio aliokuja kuuomba mama yako. Siku ya kwanza, na mwavuli wake."

Nikaandika, nikaongeza mabano, na kwenye kisanduku cha albamu nikaandika Kaseti ya Mwenye Mwavuli. Kisha jambo likanikera, mimi ninayekerwa na mpangilio. Nikamgeukia, nikatamka polepole ili anione: kama ndio wimbo aliouomba kwanza, mbona uko mwisho?

Baba akarudi kwenye kiazi chake, akakimenya kidogo.

"Wateja wote waliimba kwa bidii," akasema, "lakini mama yako alipita kiasi. Niliujua pale pale alipofungua mdomo, santuri ilikuwa hapa nyuma yangu." Akaonyesha kwa kisu jokofu langu. "Nikamwambia sijaupata, arudi kesho."